Vidato vya Katikati: Vikwazo vya Kijinsia katika Kupanda Vyeo kwa Wanawake Kazini Jijini Kampala

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini wanawake wanaoingia kazini jijini Kampala kwa idadi isiyo haba hupungua kadiri ngazi ya madaraka inavyopanda. Hoja yake ni kwamba kizuizi kikubwa kimo katikati ya ngazi, baina ya ajira ya kwanza na cheo cha mkuu wa idara, na kwamba kimejengwa kwa kanuni zinazoonekana kutomlenga yeyote. Kanuni hizo ni kipimo cha utumishi usiokatika, gharama ya likizo ya uzazi kubebwa na mwajiri mmoja mmoja, na sheria ya unyanyasaji wa kijinsia inayoishia mbele ya waajiri wadogo. Uchambuzi unategemea sheria za Uganda, historia ya Chuo Kikuu cha Makerere, na ulinganisho na Rwanda, Tanzania na Kenya. Makala inapendekeza kwamba malipo ya likizo ya uzazi yahamishiwe kwenye mfuko wa pamoja.

Utangulizi

Mtu anayesoma orodha ya viongozi wa Uganda anaweza kudhani kwamba suala la mwanamke na madaraka limekwisha kutatuliwa. Specioza Wandira Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1994 hadi 2003. Rebecca Kadaga aliliongoza Bunge kwa miaka 10, kuanzia 2011 hadi 2021. Mwaka 2021 Jessica Alupo aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais na Robinah Nabbanja akawa Waziri Mkuu. Jiji la Kampala lenyewe, mamlaka yake mpya ilipoundwa, lilipata mkurugenzi mtendaji wa kwanza mwanamke, Jennifer Musisi, mwaka 2011. Na mwaka 2020 akateuliwa mwanamke mwingine, Dorothy Kisaka. Mamlaka ya Mapato nayo iliongozwa na Allen Kagina kuanzia 2004, kisha na Doris Akol hadi 2020.

Orodha hii ni ya kweli, na si haki kuidharau. Hata hivyo, inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu wengi wa waliotajwa walifika walipofika kwa uteuzi wa kisiasa au kwa kura. Katiba ya 1995 inakitengea kila wilaya kiti kimoja cha mbunge mwanamke, na inataka theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa viwe vya wanawake. Katika siasa, basi, kuna mlango uliotengwa. Kazini hakuna mlango wa namna hiyo. Uteuzi humwinua mtu kwa uamuzi mmoja, ilhali cheo cha kazini hupatikana kwa kupita mikononi mwa watu wengi: msimamizi anayeandika tathmini ya mwaka, mkuu wa idara anayependekeza jina, kamati inayolijadili, na bodi inayolithibitisha. Kila mkono unaweza kusita kidogo tu, na masito madogo manne yakatosha kumbakisha mtu pale alipo kwa miaka 10. Kagina na Akol ni mfano wa thamani kwa sababu wote wawili walikuwa wametumikia mamlaka hiyo kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa uongozi wake. Walipanda ngazi ya ndani, na watu wa namna yao ni wachache.

Penye taratibu za ndani zenye mizizi mirefu, picha ni tofauti kabisa. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, kimetimiza zaidi ya miaka 100 bila ya mwanamke kuthibitishwa katika cheo cha Makamu Mkuu wa Chuo. Benki Kuu ya Uganda, iliyoanza kazi mwaka 1966, haijapata kuwa na gavana mwanamke.

Wataalamu wa nchi za Magharibi hupenda kuliita tatizo hili dari la kioo. Sitara hiyo ya kioo haituelezi mengi kuhusu Kampala. Dari huwekwa juu ya kichwa cha mtu aliyekwisha kufika karibu na kilele, ilhali hapa wengi hawafiki huko wakagonga chochote. Picha inayofaa zaidi ni ya ngazi ya miti iliyokosa vidato vya katikati: wa juu wanaonekana, wa chini wanaonekana, na anayepanda hufika mahali akakosa pa kuweka mguu.

Mlango ulifunguliwa mapema

Makerere ilipowapokea wasichana sita wa kwanza mwaka 1945, ililazimika kubadili hata kaulimbiu yake. Ile ya awali ilikuwa ikiwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Mpya ikasema kwamba chuo kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Kisa hiki husimuliwa kwa tabasamu, lakini kina funzo kwa mtafiti. Taasisi iliweza kubadili maneno ya nembo katika mwaka mmoja, wakati mpangilio wa kazi, wa mishahara na wa vyeo ulibaki ulivyokuwa, umekatwa kwa kipimo cha mfanyakazi aliye na mtu mwingine nyumbani wa kumpikia na kumlelea watoto.

Sarah Ntiro, aliyekuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo Makerere, alikwenda Oxford na kuhitimu shahada mwaka 1954, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada katika chuo hicho. Aliporudi nyumbani kufundisha, alikuta kwamba mshahara aliopangiwa ulikuwa chini ya ule wa wanaume wenye sifa kama zake. Aliukataa. Alichagua kufundisha bila malipo kuliko kuupokea. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Uganda iliridhia Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, mwaka 2005, yaani nusu karne baada ya mwalimu huyo kuutekeleza peke yake.

Kwa upande wa elimu, hatua iliyozaa matunda mengi zaidi ni ile ya mwaka 1990, ambapo kila msichana anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha umma aliongezewa alama 1.5. Sehemu ya wanawake miongoni mwa wanafunzi wa shahada ya kwanza Makerere, iliyokuwa takriban robo, ilisogea karibu na nusu katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 1991 ikaanzishwa Idara ya Taaluma za Wanawake, na mwaka 2002 chuo kikawa mwenyeji wa kongamano la dunia la wanawake. Alama hizo 1.5 zililalamikiwa sana, na bado wapo wanaozitumia kama fimbo: mwanamke mwenye shahada akikosea kazini, huulizwa kwa utani kama aliingia kwa zile alama. Kwa maoni yangu, lawama hii haina uzito, kwani alama zile zilitolewa mlangoni tu. Mitihani ya ndani ya chuo haikuwa na nyongeza kwa yeyote, na shahada yake ni shahada kama nyingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba walioingia kwa wingi miaka ya 1990 sasa wana umri wa karibu miaka 50 au zaidi. Ikiwa ngazi ingekuwa nzima, kizazi hicho kingekwisha kuonekana kwa wingi katika safu za maprofesa, wakurugenzi wa fedha na wahandisi wakuu. Hoja ya kwamba wanawake wenye sifa bado ni wachache ilikuwa na nguvu mwaka 1985. Leo imepitwa na wakati.

Kipimo cha muda usiokatika

Tuchukue mfano wa mhadhiri, kwa kuwa taratibu za vyuo vikuu zimeandikwa na zinajulikana. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri panatakiwa shahada ya uzamivu. Kutoka hapo hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili panatakiwa machapisho, usimamizi wa wanafunzi na miaka ya utumishi. Hakuna mahali panapotaja jinsia. Lakini miaka ya kuandika tasnifu, ambayo kwa wengi ni baina ya umri wa miaka 28 na 40, ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Ufadhili wa masomo huwa na kikomo cha umri au cha muda. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha haijui mimba wala mtoto mwenye homa. Mwanamume aliyeanza siku moja na mwenzake wa kike hufika kwenye kamati akiwa na makala nne, naye mwenzake akiwa na mbili. Kamati, kwa haki ya vitabu, humpandisha mwenye nne.

Katika kampuni na mabenki ya barabara ya Kampala, kipimo hakijaandikwa kwa uwazi huo, lakini kinafanya kazi ileile. Cheo cha meneja wa tawi huhitaji mtu aliye tayari kuhamishiwa Gulu au Mbarara kwa taarifa ya wiki mbili. Mwanamume akihamishwa, familia humngoja au humfuata. Mwanamke akihamishwa, familia huitisha kikao. Baadhi ya wasimamizi, kwa nia ya kumhurumia, hawamuulizi kabisa. Humwondoa katika orodha kimyakimya, naye hajui kwamba jina lake lilitajwa. Huruma ya aina hii ni mojawapo ya vikwazo vigumu zaidi kuthibitisha, kwa sababu haiachi barua wala shahidi.

Siku 60 na swali la nani alipe

Katiba ya 1995, katika ibara ya 33, inaipa Dola wajibu wa kuwalinda wanawake na haki zao kwa kuzingatia hali yao na jukumu la uzazi. Ibara ya 40 inamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi wa kike ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya 2006 ikatafsiri maneno hayo kuwa likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, pamoja na haki ya kurejea kazini, na kwa baba siku 4 za kazi. Kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, siku 60 ni wiki 12. Kwa viwango vya eneo letu muda huo si mfupi: Tanzania hutoa siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na Kenya hutoa miezi mitatu.

Tatizo halimo katika urefu. Limo katika mlipaji. Nchini Uganda mshahara wa wiki hizo 12 hutoka katika mfuko wa mwajiri peke yake. Chukua ofisi ya wahasibu yenye watu 8 pale Ntinda, ikiwa na mhasibu anayelipwa shilingi milioni 2 kwa mwezi. Akijifungua, ofisi italipa takriban shilingi milioni 5.5 kwa kazi isiyofanyika, na juu yake italipa mtu wa kushika nafasi, ikiwa atapatikana. Shirika lenye watu 800 halitalihisi jambo hili. Ofisi ya watu 8 italihisi kama ada ya muhula mzima. Mwenye ofisi hiyo si lazima awe na chuki na wanawake. Anaweza kuwa mwanamke mwenyewe. Anachofanya ni hesabu, na hesabu yake, anapochagua baina ya vijana wawili wenye sifa sawa kwa nafasi ya mhasibu mwandamizi, inampa jibu ambalo sheria ya 2006 ilikusudia kulizuia.

Sheria hiyo inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito. Ndiyo maana njia ya kuikwepa imekuwa mkataba wa muda. Mfanyakazi aliye na mkataba wa mwaka mmoja hafukuzwi. Mkataba wake unakwisha tu, na barua ya kutohuishwa haihitaji kutaja tumbo. Matokeo yake kwa swali letu la vyeo ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Anayeanza upya kila baada ya mtoto huanza kila mara katika kidato cha chini. Akiwa na umri wa miaka 40 ana uzoefu wa miaka 15 uliogawanyika katika ofisi tano, huku mwenzake wa kiume akiwa na miaka 15 katika ofisi moja na funguo za gari la kazi.

Siku 4 za baba zinastahili kutajwa hapa, ingawa kwa kawaida huonekana kuwa jambo dogo. Kenya imempa baba wiki 2. Tanzania imempa siku 3. Maadamu mwajiri anajua kwamba mtoto humwondoa mama kazini kwa wiki 12 na baba kwa siku zisizojaza wiki moja, ataendelea kuuona uzazi kama hatari inayobebwa na jinsia moja.

Magoti, mikutano ya jioni na yaya

Katika Buganda, na katika jamii nyingine kadhaa za Uganda, mwanamke hupiga magoti anapomsalimu mkubwa wake. Ni adabu, na wanawake wengi wenye shahada na vyeo huifuata kwa hiari na kwa fahari. Utafiti ungefanya kosa kuitaja kama kikwazo kwa nafsi yake. Ugumu hutokea pale ofisi inapoazima nusu ya adabu hiyo: mwanamke anayeongoza kitengo anatarajiwa awe na unyenyekevu wa nyumbani mbele ya karani mwenye umri wa baba yake, kisha alaumiwe katika tathmini kwa kutokuwa na msimamo. Kiswahili chenyewe hakina jinsia katika sarufi. Mkurugenzi, mhandisi na mhadhiri ni wa ngeli moja, awe nani. Hata hivyo husikika watu wakisema mkurugenzi mwanamke, wala hawasemi mkurugenzi mwanamume. Kile ambacho sarufi haikukitenga, mazoea yamekitenga.

Maamuzi mengi, tena, hukomaa nje ya saa za kazi: katika uwanja wa gofu wa Kitante, katika baa za Kololo, na katika ile mikutano ya jioni ya kuchangia harusi ambayo ni nusu sherehe na nusu soko la kufahamiana. Anayeishi Mukono au Gayaza, akiwa na foleni ya saa mbili mbele yake na mtoto wa kupokea, huondoka saa 11 jioni. Kesho yake hukuta jambo limekwisha kuamuliwa.

Na wale wanaoweza kubaki, wanabaki kwa sababu kuna yaya nyumbani. Yaya huyu, mara nyingi msichana aliyetoka kijijini, hana mkataba ulioandikwa, wala hajui kama siku 60 zinamhusu. Sera ya vyeo vya wanawake isiyomtaja yeye inapandisha mwanamke mmoja kwa kukanyaga bega la mwingine.

Watu 25

Sheria ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na kanuni zilizotolewa mwaka 2012 zikafafanua jinsi ya kufanya hivyo. Lakini sehemu kubwa ya maduka, zahanati, shule binafsi na ofisi za Kampala hazifikishi idadi hiyo. Vilevile, sheria inamtaja mkosaji kuwa mwajiri au mwakilishi wake. Mfanyakazi mwenza, ambaye ndiye huketi dawati la pili, hakutajwa kwa uwazi. Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira mwaka 2023, lakini Rais hakuyatia saini. Uganda iliridhia mwaka huohuo Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, na mkataba huo hauna kizingiti cha idadi ya watu.

Kuna somo la lugha kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa. Tanzania, katika sheria yake ya kupambana na rushwa ya 2007, ililitia ombi la ngono linalofanywa kwa kutumia mamlaka katika orodha ya makosa ya rushwa, na umma ukalipa jina la rushwa ya ngono. Jina hilo linafanya kazi. Linamhamisha mwanamke kutoka katika nafasi ya mlalamikaji wa mambo ya faragha, na kulifanya shauri kuwa la wizi wa madaraka ya umma. Wanasera wa Kampala wanaoandaa istilahi za Kiswahili kwa ajili ya sheria zijazo wangefaa kulichukua neno hilo pamoja na kosa lenyewe.

Mfuko uliopo tayari

Rwanda ilitunga mwaka 2016 sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi. Mwajiri huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 0.3, wanaume kwa wanawake, na fedha husimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii. Katika muundo wake wa awali, mwajiri alilipa wiki 6 za kwanza na mfuko ukalipa wiki 6 za mwisho. Mzigo wa yule mwenye ofisi ya watu 8 ulipungua kwa nusu, na muhimu zaidi, mchango wake haukubadilika aajiri mwanamke au mwanamume.

Uganda haihitaji kujenga chombo kipya. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hukusanya asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi, na tangu marekebisho ya 2022 unawahusu waajiri wote bila kujali idadi ya wafanyakazi. Kwa sasa mfuko huo ni wa akiba, na mafao yake ni ya uzee, ulemavu, warithi na mengine ya aina hiyo, uzazi haumo. Kiwango kama cha Rwanda kingemgharimu yule mhasibu wa milioni 2 shilingi 6,000 kwa mwezi, na mwajiri wake kiasi hichohicho. Kiwango halisi cha Uganda kitategemea idadi ya wanaojifungua na wigo wa wachangiaji, na ni kazi ya wataalamu wa hesabu za bima kukipata. Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba wanaume na waliokwisha kuzaa hawatakubali kuchangia. Lakini uzee wa wote hulipwa na watoto wa wenzao, na mchangiaji asiye na mtoto atahudumiwa hospitalini Mulago na muuguzi ambaye mama yake alipata likizo hiyo.

Njia ya pili ni nafuu zaidi kwa sababu inahitaji fomu tu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, bajeti ya kila wizara hupimwa na Tume ya Fursa Sawa, ikatolewa cheti cha kuzingatia jinsia na usawa. Cheti hicho hupima mipango na matumizi. Kikiongezewa jedwali moja la watumishi kwa jinsia katika kila daraja, pamoja na idadi ya waliopandishwa, waliohamishwa na waliotohuishiwa mikataba katika mwaka uliopita, kidato kilichokatika kitaonekana kwa nambari, wizara kwa wizara. Mwanzo mzuri ungekuwa Wizara ya Fedha, ambayo waziri wake ndiye anayetoa cheti hicho kwa kushauriana na Tume hiyo.